Hatuziki Majina ya Watoto, Mama

Pipeline, Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Kama barua hii imekukuta umesimama, tafadhali vuta kiti ukae, maana ni ndefu na najua goti lako la kushoto halipendi kusimama. Linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyompa Simiyu akuletee ilikufikia, au bado inazunguka kwenye begi lake? Na kikohozi cha alfajiri kimepungua? Sisi huku ni wazima. Nafula anaota meno na anang'ata kila kitu, hata viatu vya baba yake. Mkweo anakuamkia kwa heshima. Mimi mwili hauna shida, ila roho haitulii. Nimeandika mistari hii michache na tayari nimeinuka kwenda kuangalia kama maji yamekuja, nikarudi, nikainuka tena bila sababu.

Ninakuandikia kwa sababu hupokei simu yangu. Mara ya mwisho ulisema tu, "Nanjala, kumbe siku hizi mnazika vitu?" kisha ukakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Najua aliyekuambia ni Simiyu. Ndugu yangu huyo nampenda, lakini mdomo wake huondoka kabla macho hayajamaliza kutazama. Alikuja kututembelea, akatukuta mezani tumeandika majina yetu kwenye kikaratasi, tunakikunja, tunakitia ndani ya kopo, tunalizungushia utepe mweusi. Akauliza kopo hilo ni la nini. Baba Nekesa akamjibu, "Tunaenda kulificha." Simiyu hata chai hakumaliza. Sasa nasikia huko nyumbani inasemekana nimeyapeleka majina ya watoto wangu ardhini, na kwamba umeagiza shule zikifungwa Simiyu aje amchukue Nekesa, mkubwa wao, kabla mambo hayajaharibika.

Nilikasirika, Mama. Nilikasirika hadi nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mkweo alitaka kukueleza mwenyewe, lakini unamjua, hawezi kukuita kwa simu akaanza kubishana nawe kuhusu mtoto. Kwake hiyo ni aibu kubwa kuliko kuitwa mchawi. Kwa hiyo kazi hii imeniangukia mimi.

Tena hasira yangu ilikuwa imechanganyika na woga, kwa sababu ulikuwa umeshamtaka Nekesa hata kabla ya habari ya kopo, na sikuwa na jibu la maana. Tangu tuhame mtaa wa Tena mtoto huyu alibadilika. Kule mlango ulifungukia uani, anatoka, anarudi na vumbi. Hapa tuko ghorofa ya juu, dirisha letu linatazamana na dirisha la watu wengine, na mchana kweupe tunawasha taa. Mwanzoni alikuwa akishuka kucheza kwenye ngazi. Halafu akaacha. Akitoka shule anapanda, anavua viatu, anaingia kitandani na kugeukia ukuta. Nikimuuliza ana nini, anasema hana kitu. Ni yule yule Nekesa uliyekuwa ukimbembeleza anyamaze wakati wa maombi! Nilimpeleka kwa daktari, akasema mwili hauna ugonjwa. Ukaniambia, mlete kwangu apate hewa. Mimi nikakuomba unipe muda hadi shule zifungwe. Ukweli ni kwamba niliona ukimchukua, nitakuwa nimeshindwa kulea mtoto wangu mwenyewe. Sikulala vizuri tangu siku hiyo, kwa sababu niliahidi atabadilika na sikujua nitambadilishaje.

Aliyenionyesha njia ni Wairimu. Huyu ni mwenzangu kiwandani, cherehani yake iko karibu na yangu, mtu wa Murang'a, na kila neno analisema kama anagombana. Siku moja aliniona nimeshona kola juu chini. "Wewe mama Nekesa, hiyo kola inaangalia wapi? Akili iko wapi leo?" Nikamweleza. Akasema, "Mtoto hataki kutoka nje sababu huko nje hakuna kitu anatafuta. Mpee kitu ya kutafuta."

Basi akanieleza mchezo ambao yeye na watoto wake hucheza Jumapili baada ya kanisa. Unaitwa geocaching, ila sisi hapa nyumbani tunasema tu makopo. Mtu anaficha kopo dogo mahali pa wazi panapofikiwa na kila mtu, ndani yake kuna karatasi. Kisha anaweka mahali hapo kwenye ramani ya simu. Wewe unafungua programu ya mchezo kwenye simu yako, inakuambia zimebaki mita kadhaa, unatembea, unatafuta kwa macho na mikono, ukilipata unaandika jina lako na kulirudisha vile vile lilivyokuwa. Hakuna zawadi. Wairimu alisisitiza jambo moja: usimwambie mpita njia unatafuta nini, maana kopo likijulikana litabebwa.

Najua unacheka. Mimi pia nilicheka, lakini Jumapili iliyofuata tulienda.

Lile la kwanza lilikuwa kule Tena, kwenye uwanja usio mbali na tulipokuwa tukikaa. Tulitoka kanisani moja kwa moja, mkweo yuko ndani ya suti yake ya kijivu, mimi nimembeba Nafula, Nekesa anajikokota nyuma huku anatazama viatu. Simu ikasema zimebaki mita nane. Sasa wewe unajua mkweo ni fundi wa mageti. Mwambie mita nane, hawezi kukadiria kwa macho kama watu wengine. Akaingiza mkono mfukoni akatoa futi yake ya kazi, akaivuta, akaanza kupima kutoka kwenye mlingoti wa goli kuelekea ua wa waya.

Mama, ulimwengu huu una makosa mengi, lakini kosa la kupima uwanja wa watu wa Eastlands ukiwa umevaa suti sikuwahi kulisikia. Hapa kila kipande cha ardhi kilicho wazi watu wanakilinda kwa macho, kwa sababu huwa wanaamka na kukuta mabati ya wanyakuzi yamezungushwa. Mama mmoja aliyekuwa akikata mboga za sukuma wiki kando ya uwanja akainuka na kisu chake.

"Nyinyi ndio mmetumwa kupima hapa?"

Mkweo akakumbuka amri ya Wairimu. Akasema kwa adabu, "Hapana, mama. Tunatafuta tu pointi yetu."

"Pointi yenu! Kumbe mshagawiwa?" Akageuka na kupaza sauti. "Wasee! Kujeni muone, wamekuja na futi! Hii field ni ya watoi, ya watoto wetu, haiuzwi!"

Vijana wakaacha mpira. Mmoja akaikamata futi upande wa pili na kuishikilia. "Buda, nani amekutuma? Sema tu." Mkweo akarudia yale yale ya pointi. Mtu huyu akipewa sheria ataishika hata akipigwa nayo! Mimi nilimkumbatia Nafula, nikaanza kutafuta kwa macho mahali pa kukimbilia. Niliogopa kweli, na nikamlaani Wairimu moyoni.

Hapo ndipo Nekesa alitoka mgongoni mwangu. Tangu tutoke nyumbani hakuwa amesema neno. Akasimama mbele ya yule mama wa sukuma wiki, mbele ya kisu chenyewe.

"Mathe, hakuna mtu anapima. Ni gemu tu. Kuna kopo imefichwa hapa. Ukiipata unaandika jina, unairudisha."

"Kopo ya nini?"

"Ya kuandika jina."

"Na ukishaandika?"

"Basi. Unaenda nyumbani."

Yule mama akamtazama, akamtazama baba yake na suti, akaanza kucheka mpaka akalazimika kukaa tena kwenye kigoda chake. "Sasa hiyo ni gemu gani? Mtu anavaa suti aje aandike jina kwa kopo?" Kijana aliyeshika futi akaiachilia, ikarudi kwa kishindo na kumpiga mkweo kidole. "Wacha kwanza tuione," akasema.

Uwanja mzima ukaanza kutafuta. Wengine wanapekua nyasi, wengine wanageuza mawe. Nekesa hakutazama chini kabisa. Alitembea akipapasa kwa mkono chuma cha juu cha ule ua, polepole, mpaka akasimama, akapiga kelele. Kopo lenyewe lilikuwa dogo kama kibiriti, limenaswa chini ya chuma kwa sumaku. Mama, kelele ile! Nilikuwa nimesahau kwamba mtoto wangu ana sauti. Nilisimama pale nikalia mbele ya watu.

Yule mama akapangusa mikono kwenye leso na kudai aandike jina lake pia. Vijana nao wakataka, timu mbili nzima, hadi karatasi ikajaa pembeni. Kesho yake Wairimu alinifokea mbele ya cherehani: "Siri ya watu mmeonyesha field nzima!" Lakini kopo lipo hadi leo. Yule mama mwenyewe ndiye analilinda, na mgeni akionekana anapapasa ule ua anaelekezwa hata kabla hajauliza, jambo ambalo wenye mchezo hawalifurahii.

Sikudanganyi kwamba yote yalikuwa mazuri. Lingine lilitupeleka kando ya viwanda, upande wa Mukuru kwa Reuben. Tulizunguka kwenye jua ukuta ule ule hadi Nafula akalala begani. Kumbe lilikuwa la bati, na hapo bati halikai, watu wa chuma chakavu walikuwa wameshalipitia. Mimi nilinuna, nikasema twendeni nyumbani. Nekesa ndiye alisema tutafute lingine. Siku hizi yeye ndiye anatangulia, sisi tunamfuata tukihema. Na mimi nimekuwa mtu wa ajabu. Nikiwa kazini mguu unatikisika chini ya cherehani kwa kungoja Jumapili, na nikipita mahali popote mkono unataka kuingia chini ya kitu.

Ndipo Nekesa akasema tufiche la kwetu. Hilo ndilo Simiyu aliliona. Mama, halikuzikwa. Sheria ya mchezo wenyewe inakataza kuchimba hata kwa kidole. Limefungwa kwa waya nyuma ya kibao cha barabarani, na majina yetu yako juu kwenye karatasi kwa sababu wenye kopo ndio huanza. Watu nisiowajua wameshaandika majina yao chini yetu. Uchawi gani huo unaowekwa kwenye simu ili kila mtu aupate?

Nilitaka barua iishie hapa. Nilikuwa nimeshapanga la mwisho, kwamba mtoto amepona, mwambie Simiyu abaki nyumbani kwake, Nekesa anakaa na mimi. Nikamwita aongeze maneno yake mawili kwa bibi yake, kukhu wake. Akaja na simu. Akanionyesha Nairobi, vidoti vimejaa. Kisha akaisogeza ramani kwa kidole mpaka huko kwetu, akaipanua, akatafuta.

"Mum, kwa kukhu hakuna hata moja."

Nikamwambia ni kweli, huko watu wana kazi za maana.

"Shule zikifungwa nataka kuenda. Nifiche ya kwanza."

"Kwa likizo?"

"Hata nisome huko kwanza. Si wewe ulisoma hapo karibu?"

Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni, viatu mguuni. Mama, nilikuwa nimejiandaa kupigana na wewe. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Niliogopa ungemchukua kwa sababu hawezi kutoka kitandani, na sasa anakuja kwa sababu anaweza. Nilimtoa nje ili abaki. Wivu umenishika, nakuambia wazi, nakuonea wivu wewe mama yangu mzazi. Nikamuuliza tu, "Na sisi je?"

Akashangaa kwa nini nauliza. "Si mtakuja kuitafuta?"

Kwa hiyo Simiyu asije. Nitamleta mwenyewe, na mkweo ataomba ruhusa kazini. Nisalimie Baba Mdogo mpiga kengele wa kanisa, shangazi mwenye duka, na mke wa Simiyu, ambaye najua hakuamini neno la mume wake. Mwambie jirani anayekukamulia ng'ombe kwamba mjukuu wako anakuja na atakuwa anapapasa mabanda ya watu, wasimfukuze.

Mpokee, Mama. Na siku ukimwona anarudi nyumbani mikono mitupu, anatabasamu, hata tukikuuliza vipi, usituambie amelificha wapi kopo lake.

Ni mimi bintiyo asiyetulia,
Nanjala