Kupumzika Mlimani

Jumatatu, 2 Februari

Soksi za kubana tena. Binti wa huduma ya wazee amezivuta hadi tukacheka wote wawili, mimi kwa maumivu. Uji. Vidonge. Nje, mtaa wetu wote wa Skärholmen ni wa kijivu. Theluji ya juma lililopita imegeuka tope lenye changarawe.

Mchana kaja Neema, mjukuu wangu, na kompyuta yake. Tumetafuta nyumba ya kupanga Åre, mji wa milimani ambako Waswidi huenda kuteleza kwenye theluji shule zikifungwa mwishoni mwa mwezi. Tumepata moja ndogo, haina ngazi. Nimeitaka hapo hapo.

Nataka kukanyaga theluji ya mlimani kabla sijafa. Basi. Nimezaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Kila asubuhi mama alipofungua mlango, kilele cha Kibo kilikuwa pale, cheupe. Sikuwahi kukigusa. Watu wa hapa hudhani theluji nilikutana nayo uwanja wa ndege.

Alhamisi, 5 Februari

Daktari wa moyo. Mama mpole. Alizungusha maneno, nikamwambia nilifundisha hesabu maisha yangu yote, anipe jibu tu. Jibu: kiangazi nitakiona labda, baridi nyingine hapana. Sikushtuka. Kilichonishtua ni kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa tiketi za treni.

Elia, mwanangu, baba yake Neema, hataki safari. Amepiga simu kutoka kiwandani kwao Södertälje. "Baba, ukinifia kule, Baba Mdogo nitamwambia nini?"

Baba Mdogo ni Samweli, mdogo wangu, anayetunza kihamba, shamba la ukoo letu, Marangu. Nafasi yangu iko pale kando ya baba yetu, katikati ya migomba, uso uelekee Kibo. Niliahidi. Elia naye aliahidi kunifikisha. Ndiyo maana ananilinda kama sanduku la vioo. Nampenda. Ananiudhi.

Jumapili, 8 Februari

Samweli kapiga, kama kila Jumapili. Amepalilia tena nafasi yangu. Alilisema kwa furaha, kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda. Nikamshukuru.

Niliandike hapa kwanza, nizoee kuliona. Sitaki kwenda kihambani. Nataka kuzikwa kando ya Ruth.

Mke wangu alichagua kaburi lake mapema: mahali ambapo wajukuu wanafika kwa treni. Yuko kusini mwa jiji, chini ya misonobari. Kwenye jiwe lake niliacha upande mmoja mtupu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Kwa Mchaga wa umri wangu hili si jambo dogo. Naogopa. Mzee mzima namwogopa mdogo wangu.

Na hii safari ya mlimani ni ya Ruth pia. Tuliipanga kila mwaka. Kila mwaka likizo ikaishia Marangu, Desemba, pamoja na ukoo wote.

Jumatano, 11 Februari

Neema kaniletea neno la Kiswidi. Skare. Mwisho wa majira ya baridi jua la mchana huyeyusha theluji juu, usiku inaganda, na asubuhi panakuwa na gamba gumu linaloweza kumbeba mtu. Kufikia saa sita linalainika, unazama.

Akauliza Kiswahili chake. Hatuna. Nikafikiri muda mrefu, kisha nikamwambia: ukoko. Kama wa wali, ila huu uko juu ya sufuria. Alicheka sana. Bibi yake alikuwa akinikwangulia ukoko wote, watoto wakinuna.

Elia bado anasema hapana.

Jumamosi, 14 Februari

Kifua kizito. Kesho ni mkutano wetu wa Waswahili, Wakenya, Wakongo, Warundi na sisi. Nimemwomba Neema awaandikie kwenye kundi la simu kwamba siji, napumzika kwa ajili ya safari. Hakutaka nimsaidie. Alipokuwa mdogo nilimsemesha Kiswahili akanijibu Kiswidi. Sasa anajikaza, kwa ajili yangu. Nikamwacha aandike.

Jumapili, 15 Februari

Leo nimefiwa na mimi mwenyewe.

Nilikuwa sijamaliza uji. Vilio kwenye ngazi. Nikafungua mlango mwenyewe, nimevaa pajama. Mama Espérance, Mkongo wa ghorofa ya tatu, na sufuria ya sombe, kisamvu chao, mikononi. Alipiga ukelele. "Papa iko muzima! Mon Dieu, Papa iko muzima!" Nyuma yake Otieno, Mkenya, suti nyeusi. "Mwalimu, mimi nimelia tangu Slussen mpaka hapa. Nani atanirudishia machozi yangu?"

Nikaomba kuuona huo ujumbe wa Neema. "Babu hatakuja kesho. Amepumzika. Tunamsafirisha mlimani tarehe 23. Asanteni kwa kumpenda."

Mlimani! Wote wanajua kwetu ni Kilimanjaro.

Neema, aliyelala kwangu, akajifungia bafuni, akalia kwa Kiswidi. Nilimwambia kupitia mlangoni kwamba sarufi yake haina kosa hata moja. Ndiyo maana wameamini.

Hakuna mwombolezaji aliyerudi kwake. Chakula kilishapikwa, kikaliwa. Elia kaja mbio na nguo za kazi, alikuwa zamu ya usiku, simu zote zimemkuta barabarani. Alinishika uso kwa mikono miwili kama ninavyomkumbuka akiwa mdogo.

Kisha simu yake ikaita. Samweli. Habari ilikuwa imefika Marangu. Elia akanipa, sauti ikiwa wazi, wote wanasikia. Nikasema haloo, Samweli. Akauliza taratibu: "Kaka. Unaongea kutoka wapi?"

Nyumba nzima ilianguka kwa kicheko. Mimi pia, mpaka kifua kikaniuma. Samweli akasema wameshakata migomba miwili kwenye nafasi yangu, na watu wamekaa matanga.

Hapo nikalisema. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Labda mtu akishakufa mara moja anakosa adabu. Nikamwambia anisamehe, nizikwe huku kando ya Ruth. Na kabla ya hapo naenda mlimani, mlima wa huku.

Hakuna aliyetafuna. Samweli akakata simu.

Elia aliosha vyombo vyote akinipa mgongo. Akaondoka bila kuniaga vizuri.

Jumanne, 17 Februari

Hakuna simu. Si ya Marangu, si ya Södertälje. Mama Espérance kaniletea sombe iliyobaki, akanikagua kama bado niko hai.

Je, najuta? Sijuti. Lakini naumia. Nimemwondolea mdogo wangu kazi aliyoipenda.

Alhamisi, 19 Februari

Samweli kapiga alfajiri. Sauti ya mafua, au ya kulia. Migomba ilishakatwa, alisema, na ndizi zake waliokuja kunililia wamezipika mtori, wakala. Pale patakuwa na isale. Amepanda mwenyewe. Isale ndio mmea wetu wa amani, huupeleka kwa mtu unapomwomba radhi. Mwenye kosa ni mimi, na ameupanda yeye. "Watu wajue mahali pana mwenyewe, kaka. Ila amesafiri."

Nimelia. Sina aibu.

Jioni Elia. Alikaa ukingoni mwa kitanda na koti lake mwilini. Akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Miaka yote amekuwa akiiogopa ile ndege, mimi chini kwenye mizigo, yeye juu na trei ya chakula. Nikamwambia niliogopa kuwakosea. Nikamwambia na maneno ya daktari. Kisha akatoa tiketi tatu za treni, amezinunua tangu jana.

"Nguo za ndani za sufu unazo?"

Ninazo.

Jumanne, 24 Februari

Åre. Asubuhi, baridi kavu, hakuna upepo. Elia amenikalisha kwenye kiti cha kuteleza, kile chenye reli mbili ndefu ambacho wazee wa huku husukumwa nacho, akanipeleka hadi mwisho wa njia. Mbele yetu uwanda mweupe, kisha mlima. Si Kibo. Mzuri hata hivyo.

Neema alinishika mkono. Nikaweka mguu mmoja, nikangoja. Nikaweka wa pili. Ukoko ukanibeba. Elia alitufuata, akazama hadi goti, akatukana kwa Kichaga, lugha niliyodhani ameisahau.

Nilichukua kipande cha ukoko nikakiweka mdomoni. Hakina ladha. Ruth angecheka.

Wakanirudisha kwenye kiti, wakanifunika blanketi. Nilifumba macho. Baada ya kitambo Neema akainama, akauliza kwa Kiswahili chake safi:

"Babu, umepumzika?"

Elia aligeuka haraka sana.

Nikamwambia bado. Tukakaa mpaka jua likashika kilele, kisha Elia akaenda kupika uji.