Msabato Aitwaye Jumapili

Baba mpendwa,

Najua umelala unangoja parapanda, na mafundisho yetu hayaniruhusu kukuamsha. Lakini hili siwezi kukaa nalo: jina lako limepata mtu!

Unakumbuka nilivyolichukia? Nyamira nzima, ni Msabato gani mwingine aliyeitwa Jumapili? Mhubiri mgeni akija Kebirigo na kutangaza, "Sabato hii tutaongozwa na mzee wa kanisa, Mzee Jumapili," watu walivunjika mbavu, nawe ukicheka kuwashinda. Mimi nilificha uso kwenye kitabu cha nyimbo.

Nilipofika umri wa kitambulisho nikakuambia sitaliandika. Hukunigombeza. Tulikuwa tukichuma majani chai, ukanisimulia habari za babu, alipokuwa kibarua wa mzungu kule Nyansiongo. Jumamosi hakugusa kazi, hata nyapara atishe vipi. Mwishowe wakaelewana: Jumapili, wenzake wakipumzika, yeye akamue ng'ombe wote peke yake. Nyapara akaanza kumwita Jumapili, na jina likamganda.

"Wanacheka tu," uliniambia. "Hilo jina ndilo lililolinda Sabato yake. Na mimi Mungu amenipa wasichana wanne, wote mtaolewa. Nikienda, limekwenda."

Ulisema ukitabasamu, lakini mikono yako iliacha kuchuma. Moyo uliniuma, Baba. Nikaliandika.

Sasa sikiliza. Nimejifungua mvulana! Wajua desturi yetu, aliyetutoka hurudishwa kwa jina la mtoto, basi nikamwambia mume wangu, huyu ni baba yangu. Yeye alikubali mara moja. Mama yake ndiye aliyewaka moto.

"Aii! Yaani nisimame kanisani siku ya Sabato niseme mjukuu wangu ni Jumapili? Watu watasema nini?"

Nikammiminia chai, nikamsimulia habari za babu na wale ng'ombe. Akanywa vikombe viwili, akajifunga leso, akaenda zake. Nilijua nimeshindwa, na usingizi ukanipaa siku tatu.

Sabato iliyopita tukampeleka mtoto kuwekwa wakfu. Mchungaji akauliza jina. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe huyo kasimama!

"Anaitwa Jumapili! Na anayetaka kucheka, aje kwanza aniulize kwa nini."

Walicheka vilevile, si unawajua. Lakini baada ya ibada walimzunguka pale nje kumuuliza, naye akawasimulia kwa madaha, utadhani babu alikuwa wa kwao. Hata idadi ya ng'ombe aliiongeza.

Nimekukosa sana, Baba. Ila kwetu mtoto mwenye jina la baba huitwa baba, na hilo sikujua lingenipata namna hii. Leo asubuhi amenikojolea gauni zima. Nilitaka kunung'unika, nikajisikia nikisema, "Pole, tata. Pole, baba yangu." Nikalia, nikacheka, nikambadilisha nepi.

Ni mimi,
binti yako wa tatu, na siku hizi mama yako.