Baiskeli Isiyokuwa na Barabara

Kituo cha Mapokezi,
kaskazini ya Mwamgongo,
23 Machi 1997

Dada yangu Kuruthumu,

Shikamoo dada, na shikamoo nyingine kwa siku zote ambazo nilinyamaza. Goti lako limepata nafuu, au mvua hizi zimelirudisha kule kule? Watoto hawajambo? Na yule mbuzi wako anayekula nguo za majirani, bado yupo au majirani wamekwisha kushinda? Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo, na sababu yake utaiona humu humu. Mawese uliyompa nahodha yalifika yakiwa nusu dumu. Nahodha anasema ni mawimbi.

Barua yako niliipata. Unasema jina langu lilisomwa redioni, ukapika pilau siku hiyo hiyo, na Mama Yusra, ambaye mwaka jana alisema hamwozi binti yake kwa mtu anayetoboa watu vidole, sasa anauliza nitakuja lini. Unataka nikueleze nilichokibuni, maana watu wanakuuliza na wewe unawajibu kuwa ni mambo ya kitaalamu. Nitakueleza, dada. Ila najua desturi yako ya kusoma barua kuanzia mwisho. Nakuomba hii uisome kuanzia hapa.

Kituo chetu kimebanwa kati ya ziwa na mlima. Barabara hakuna, anayekuja huja kwa boti, au kwa miguu akishika njia ya mbuzi. Tangu mwaka jana watu wanavuka kila siku kutoka Burundi na Kongo, na mahema yamefika mpaka pale wavuvi wanapoanika dagaa. Mimi nina meza moja, sindano za kutobolea, vioo vya kupakia damu, na hadubini. Umeme hakuna, kwa hiyo hadubini yetu ina kioo kidogo kwa chini cha kudakia jua. Jua likiwaka, unamwona mdudu wa malaria kama unavyomwona jirani yako. Lakini ilipofika Novemba mawingu yalikaa juu ya mlima kama wageni wasioaga, na hadubini ikawa pambo. Nilijaribu taa ya chemli. Ilikuwa kama kuchungulia ndani ya kikombe cha chai.

Basi kila homa tukaiita malaria, na kila mtu akapewa klorokwini. Mkuu wetu wa kituo, Daktari Gasper, alisema homa ni homa. Ni mtu mwema, usimfikirie vibaya, lakini moyo wake uko kwenye mikutano. Anayapenda sana maneno "ubunifu" na "teknolojia". Ndoo yetu yenye bomba ya kunawia mikono ameiandika kwenye ripoti kuwa ni mfumo wa kisasa wa maji.

Siku moja ikatia nanga boti kutoka Rumonge, Burundi, na ndani yake mtu mrefu aitwaye Dismasi alikuwa ameikumbatia baiskeli. Ufuo mzima ulicheka. Wenzake wamekimbia na masufuria, na magodoro, na bibi zao. Yeye amekimbia na baiskeli, tena kuja mahali ambapo hata toroli halina pa kupita. Nilimwuliza ataiendesha wapi. Akanijibu kwamba barabara ataitafuta baadaye, ila baiskeli angeiacha asingeiona tena. Mkewe, Leonia, alikuwa mtaalamu wa maabara huko kwao. Siku ya tatu tu akaja mezani kwangu kuomba kunisaidia, na mimi, kwa kuwa foleni ilikuwa imefika ziwani, nikakubali.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Baiskeli ikasimamishwa ndani ya hema, gurudumu la nyuma likining'inia hewani. Dainamo ikasogezwa kwenye tairi. Kutoka kwenye dainamo zikavutwa nyaya mpaka kwenye glopu iliyowekwa chini ya hadubini, na mbele ya glopu ikabandikwa karatasi ya nailoni ya bluu iliyotoka kwenye pakiti ya biskuti, ili mwanga usiwe wa manjano. Dismasi akapanda, akaanza kukanyaga. Dada, mwanga ulikuja! Mweupe, umetulia, unaona mpaka kingo za chembe za damu. Dismasi akichoka mwanga unafifia, ndipo Leonia anapiga kelele, "Nyonga! Nyonga sana!" Siku ya kwanza askari wa kituo alikuja mbio na kirungu, maana nje ya hema alisikia mwanamke anaamrisha watu wanyongwe na mwanamume anahema.

Baada ya hapo ndugu wa wagonjwa wakawekewa zamu. Anayeleta mgonjwa, ananyonga. Wanaume waliokuwa wakituma wake zao peke yao zahanati walianza kuja wenyewe, wengine hata bila mgonjwa.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa Mwamgongo, Wema, wa miaka sita. Alikuwa amemeza dawa za malaria mara tatu. Homa inaondoka siku kadhaa, mama yake anashukuru, halafu inarudi vile vile. Tukampima kwa mwanga mpya. Mdudu wa malaria hakuna hata mmoja. Badala yake tukaona vidudu vyembamba vilivyojisokota kama nywele, vinajinyonganyonga katikati ya chembe za damu. Ilikuwa homa ya papasi, wale papasi wanaoishi kwenye nyufa za sakafu ya udongo. Tukampa penisilini. Saa chache baadaye, vidudu vilipoanza kufa mwilini, alitetemeka mpaka mama yake, Agnesi, akanishika ukosi mbele ya foleni akisema nimemwulia mwanawe. Kesho yake mtoto aliamka akadai ugali. Agnesi alirudi na jogoo, ukosi wangu haukuzungumzwa tena.

Desemba wakaja wageni kwa boti, wakiongozwa na mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mkuu wa mradi wa teknolojia za afya. Mama makini, miwani kwenye kamba, hacheki ovyo. Aliiangalia baiskeli kwa muda mrefu, akapanda mwenyewe akanyonga, akashuka akachungulia hadubini. Kisha akauliza nani aliyebuni. Jina likaandikwa. Januari kikaja cheti chenye mhuri: Kiongozi wa Ubunifu katika Huduma za Afya. Ndicho nilichokutumia wakati wa Idi, ndicho ulichokitundika sebuleni juu ya picha ya marehemu baba.

Sasa nije kwenye kukonda kwangu. Wiki mbili zilizopita tuliitwa semina Kigoma mjini, viongozi wa afya wa mkoa mzima, na mimi nikatakiwa kuonyesha mtambo. Dismasi na Leonia hawakuwa na kibali cha kutoka kituoni. Dismasi alikataa katakata kuiachia baiskeli, mpaka Daktari Gasper alipoapa kwa Biblia kwamba itarudi nzima. Leonia aliniambia maneno mawili tu: usiguse kitu.

Nikagusa. Nyuma ya baiskeli kulikuwa na kitaa kidogo chekundu, nacho kilikuwa kimefungwa kwa waya unaoning'inia ovyo. Nikaona aibu mbele ya wakubwa. Nikakitoa, nikakiacha ndani ya boti.

Ukumbini walikuwa watu kama arobaini. Mnyongaji hakuna, kwa hiyo Daktari Gasper alivua koti la suti akapanda mwenyewe. Kwa kuwa wakubwa wanamtazama, alinyonga kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mwanga ukawaka, ukazidi kuwaka, watu wakapiga makofi, na katikati ya makofi glopu ikapasuka, pa! Nikasema ni hitilafu ndogo. Nikaweka ya akiba. Daktari akanyonga kwa hasira zaidi, nayo ikapasuka. Alipotaka kushuka, mguu wa suruali ukawa umeshikwa na mnyororo, wakaja waganga wakuu wawili kumnasua.

Yule mama wa Dar es Salaam akasimama. Akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini Desemba yeye mwenyewe alinyonga kwa nguvu na glopu haikuungua, na leo zimeungua mbili. Mimi ndiye mbunifu, mimi ndiye ninayengojwa. Nikasema ni unyevunyevu wa ziwa. Akaniambia Kigoma na kituoni ni ziwa moja. Nikasema pengine ni betri. Akaniuliza betri ipi.

Dada, baiskeli haina betri.

Basi hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika. Mtambo ule sikuubuni mimi. Kila mahali humu nilipoandika "tukaona" na "tukampima", futa, andika Leonia. Yeye ndiye aliyemwangalia mumewe anavyoifuta vumbi ile baiskeli kila asubuhi akamwambia basi leo itafanya kazi. Nyaya alizichomoa kwenye redio mbovu kwa mikono yake. Homa ya papasi aliiona yeye. Mimi nilipochungulia nilidhani kioo kimeingia nywele, na nikataka kukipangusa.

Na jambo baya kuliko hilo ni hili. Leonia aliniambia tangu mwanzo kwamba vyeti vyake vyote vilizama ziwani usiku waliovuka. Hana karatasi hata moja ya kuonyesha kuwa alisoma. Alichokuwa akikiomba ni jina lake liandikwe mahali fulani, na mhuri, ili siku moja aweze kupata kazi yake. Nililijua hilo, dada. Nililijua vizuri. Lakini mama alipouliza nani aliyebuni, Daktari Gasper alininong'oneza kuwa mkimbizi hawezi kuandikwa kama mtumishi, ripoti itakuwa na maswali, taja jina lolote la kwetu. Na jina lililokuwa karibu lilikuwa langu. Nikasema, "Ni mimi." Nikajiambia ni kwa faida ya kituo. Lakini nilipolala nilikuwa natabasamu, na mtu anayejitolea kwa ajili ya kituo hatabasamu vile.

Pale ukumbini nikachoka kudanganya. Nikamwambia mama yule kwamba sijui kwa nini glopu zinaungua, kwamba anayejua anaitwa Leonia, mtaalamu wa maabara kutoka Rumonge, na yuko kituoni anapima damu. Daktari Gasper akakohoa mpaka akaletewa maji. Mama hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: kama ni hivyo, mbona yeye yuko kule na wewe uko hapa? Nikainama nikaanza kuokota vipande vya glopu.

Niliporudi nilimfuata Leonia mezani nikamweleza yote. Alikuwa anaosha vioo. Akaendelea kuosha. Kisha akasema, "Khalfani, mimi nilijua tangu Desemba. Nilikuwa nyuma ya hema. Kwetu niliacha nyumba, masikio nilikuja nayo." Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba angesema angeweza kutolewa maabara, na wagonjwa wangebaki na mimi.

Halafu akauliza taa nyekundu iko wapi, na hapo ndipo nilipomwona amekasirika kweli. Kumbe dainamo hutoa umeme wa taa mbili. Ukiondoa moja, wote unaingia kwenye iliyobaki, na mnyongaji akizidisha inapasuka. Alinifundisha hayo mbele ya foleni nzima, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la pili. Dismasi yeye alikagua mnyororo, akatoa kipande cha suruali ya suti, akamrudishia mwenyewe.

Jumatatu iliyopita yule mama alikuja. Alikaa na Leonia mezani toka asubuhi mpaka adhuhuri, akampa vioo ishirini avisome, na vyote akavisoma sawasawa. Leonia amepewa kibali cha wiki tatu. Kesho kutwa anakwenda Kigoma kufundisha watumishi wa zahanati za mwambao, na barua yake ya utambulisho ina jina lake na mhuri. Jina langu nalo limo katika orodha ya mafunzo hayo, kwa chini, upande wa wanafunzi. Daktari Gasper amekwisha andika ripoti kwamba yeye ndiye aliyemgundua.

Sasa nakuomba, dada yangu. Kishushe kile cheti ukimpe nahodha kwenye bahasha, wanakihitaji mjini wakiandike upya. Waliokula pilau waambie ukweli, pilau yenyewe wasiirudishe. Na Mama Yusra mwambie wewe mwenyewe kabla hajaambiwa sokoni. Akisema simpati binti yake, sitamlaumu. Ila Yusra naye aulizwe, maana hakuna aliyemwuliza tangu mwanzo. Mkaripie mdogo wako kwa barua ndefu, nimejiandaa; lakini nisameheni wewe na marehemu baba, ambaye najua angelimaliza jambo hili kwa fimbo.

Nisalimie wote nyumbani, mkubwa kwa mdogo, na Bibi Hasna umwambie dawa yake ya macho naileta mwenyewe. Mwenyezi Mungu akupe afya. Leonia na Dismasi wanakusalimu pia. Nilipowaambia naandika kwako, Leonia alitaka nimsomee barua kwanza, nikamsomea, akasahihisha mahali pawili.

Ni mimi mdogo wako,
Khalfani
msaidizi wa maabara