Magongo Mawili Upande Mmoja

S.L.P. 41,
Zoria, Saskatchewan,
Kanada.

19 Agosti

Mpendwa Babu Petro,

Shikamoo Babu. U hali gani huko Brisbane? Goti je? Shangazi Natalka ametuambia umeutupa mkongojo, sasa unatembea mwenyewe hadi dukani kununua mbegu za alizeti, halafu unagombana na muuzaji kwamba hazina chumvi. Nikamwambia Mama, basi mzee amepona. Mgonjwa hana nguvu za kugombania chumvi.

Sisi huku wazima. Baba ana kile kikohozi chake cha vumbi la ngano, na kama kila mavuno anakataa kuziba pua. Mama hajambo. Mimi ndiyo usiseme: mapaja yamejaa, nimewekewa jino jipya badala ya lile lililong'oka kwenye mpira wa magongo likabaki kwenye barafu ya Hamilton, na wasichana wa Zoria wananiamkia kabla sijafungua mdomo. Ningekupigia simu, lakini wewe kwenye simu unasikia nusu, nusu nyingine unaitunga. Kwa hiyo naandika. Herufi zikipinda unisamehe. Shule niliiacha darasa la kumi na moja, na sijasikia kwamba shule ililia.

Juzi nilikwenda shambani kwako. Kile kidimbwi cha ng'ombe nyuma ya ghala jekundu kimekauka nusu, na bata wamekaa katikati kama wenye hati ya kiwanja. Nikasimama pale pale ulipokuwa ukiegesha lori lenye tangi. Ulikuwa unamwaga maji juu ya barafu ili iwe laini tuteleze, na ndevu zako zinaganda mpaka ukicheka zinalia kra kra. Bibi Paraska, Mungu amrehemu, anakupigia kelele dirishani: "Petro! Unamwagilia nini na baridi hii, viazi?" Na wewe unamjibu: "Namwagilia wajukuu!" Mwanamke yule alistahili mume kijana kama mimi, sema uliniwahi.

Halafu ile kazi yako nyingine, ya kugawa timu. Watoto wote tunatupa magongo yetu katikati, lundo moja. Unapiga magoti, unavuta kofia ya sufu mpaka kidevuni, unaanza kurusha: moja kushoto, moja kulia. Gongo lako likiangukia wapi, ndiko utakakocheza, na hakuna kununa. Haikujalisha mtoto wa nani wala anajua kiasi gani. Hata yule mdogo aliyekuwa anasukuma kiti ili asianguke alikuwa na upande wake.

Ila gongo langu na la binamu yangu Orest yaliangukia upande mmoja kila siku, Babu. Kila siku! Danylo Kostiuk, yule golikipa mnene, sasa anaendesha mashine ya kuvuna na bado jambo hilo linamuuma. Wiki iliyopita alinikuta mghahawani akapayuka mbele ya watu:

"Babu yako mwizi! Alikuwa anachungulia!"

"Hakuchungulia. Wewe ndiye ulikuwa golini umefumba macho."

Watu wakacheka, ikabidi amnunulie kila mtu kahawa. Lakini hakukosea sana, Babu. Nakujua. Baridi ile ya kupasua mawe, sote tumevaa glavu, wewe peke yako unavua zako, eti upate kushika vizuri. Na mimi gongo langu mwishoni nililizungushia utepe mwingi likavimba kama kitunguu, na la Orest lilikuwa tupu, limetafunwa na mbwa wao. Vidole vinahitaji macho ya nini? Nilikugundua tangu nina miaka saba. Nikanyamaza, kwa sababu dhuluma ilikuwa upande wangu.

Sasa habari yenyewe. Najua Shangazi amekusomea magazeti na hukuelewa, maana hata yeye hakuelewa.

Mimi na binamu yangu huyo tumecheza Hamilton misimu mitatu, yeye anatoa pasi, mimi nafunga, na mwenye sura nzuri kati yetu unamjua. Kiangazi hiki mikataba yetu ya kwanza ilikwisha pamoja. Kijana wa umri wetu hawezi kuondoka tu. Timu nyingine inaweza kukuletea mkataba na ukausaini, lakini bado hujaenda popote: timu yako ya zamani inapewa wiki moja. Ikikubali kukulipa vile vile, unabaki. Ikishindwa, unaondoka, na wao wanalipwa fidia kwa kupewa nafasi za kuchagua vijana wapya. Juu ya hayo ligi imeweka kikomo cha mishahara. Jumla ya mishahara ya kikosi kizima haivuki hapo, hata tajiri wa timu awe na dola za kujaza ghala la ngano. Ukimwongezea mmoja, lazima mwingine abanwe au aondoke.

Hamilton walitaka tubaki wote wawili kwa mshahara mdogo, miaka miwili. Portland wakaniletea mimi mkataba wa miaka mitano, mnono. Mnono, Babu! Niliusoma mara mbili, mimi ambaye sijawahi kusoma kitu mara mbili.

Siku hiyo nilikuwa na Orest juu ya paa la mama yake, Shangazi Halia, tunabadilisha vigae.

"Saini," akaniambia, misumari mdomoni.

"Na wewe?"

"Wewe ukiondoka, Hamilton wanapata nafasi ya kunilipa vizuri. Nasaini mwaka mmoja tu. Mwakani Portland wananiomba, nakufuata."

"Na Hamilton wakiamua kunibakiza?"

Akacheka nusura aporomoke. "Wewe? Kwa pesa ile? Wakubakize kwa ajili ya nini, hicho kidevu?"

Na kweli, mghahawa mzima ulisema hivyo hivyo, hawawezi, kikomo hakiruhusu. Nikasaini. Tulivyopanga, tungeachana msimu mmoja halafu tungecheza pamoja mpaka meno yaishe. Mpango safi, hata mwalimu wangu wa hesabu angelia kwa furaha.

Tatizo ni kwamba tulihesabu dola, tukasahau kuhesabu hasira. Mabosi wa ligi hii wana mwiko wao usioandikwa popote: humnyang'anyi mwenzako kijana wake. Ni kama kudokoa nyama kwenye sahani ya mtu naye anakutazama. Portland wamedokoa, na meneja mkuu wa Hamilton, Bwana Desrosiers, akaona afadhali ashindie mkate mkavu kuliko kuchekwa. Siku ya mwisho, wakala wangu Murray akapiga simu.

"Hongera, kijana. Wamekubali kila senti. Unabaki Hamilton, na umetajirika."

"Na Orest?"

Nikasikia anatafuna kitu. Akatafuna weee.

"Orest nafasi hakuna tena."

Kesho yake wakamuuza. Kisia wapi. Portland! Si walikuwa na nafasi iliyobaki, ile yangu? Amepewa hata jezi niliyokuwa nimepimiwa mimi. Anasema inambana mabegani. Mwongo huyo, inampwaya. Na mimi niliyebakizwa namna hii, sheria inasema mwaka mzima siruhusiwi kuhamishwa hata nikipiga magoti.

Nilimkuta paani tena nilipokwenda kwake siku hiyo. Hakugeuka, akaendelea kugonga.

"Angalau huko," akasema, "nitapata mtu anayejua kupokea pasi."

"Na mimi nitapata anayejua kutoa."

"Wamekupa mkataba mrefu kuliko akili yako."

"Na wewe wamekupa jezi yangu, uifue."

Halafu nikapanda, nikachukua nyundo. Vigae vilivyobaki vilikuwa vya kumaliza kabla ya chai. Tukavipigilia mpaka jua likazama, na Shangazi Halia hakutuita kula hata mara moja.

Usidhani nalia, Babu. Mimi sasa ni mtu mkubwa, Zoria wamebandika picha yangu ukutani kwenye duka la mbolea. Lakini barafu nzima naijua kwa sauti ya yule bwege. Nikiwa nimempa mgongo huwa najua alipo, nanyoosha gongo tu na kile kisahani cheusi tunachokipiga kinakuja. Novemba tunakutana Hamilton, yeye huku, mimi kule. Haijawahi kutokea tangu tuzaliwe. Baba anasema atakaa katikati ya uwanja kabisa asionekane ana upande. Mama anasema haji.

Sasa nisikilize. Krismasi ligi inapumzika, sote wawili tunakuja nyumbani. Kidimbwi kitakuwa kimeganda sawasawa, lori nimelitengeneza mwenyewe, na tangi halivuji sana. Watoto wa Danylo wanne watakuwepo, na wengine wote wa barabara hii. Magongo yatakuwa mengi. Tiketi yako nimeshakata, Shangazi Natalka anayo, kwa hiyo ubishi umechelewa. Goti lisikutie hofu, Mama atakushonea mto wa kupigia magoti. Kofia yako ya sufu ipo, inanuka kondoo kama zamani.

Nisalimie Shangazi Natalka na mumewe Glen, na umwambie Glen kwamba ule mchezo wao wa mpira wa yai nimeutazama na sijaona barafu mahali popote, wanacheza nini? Wasalimie mapacha, Ivy na Stefan. Baba na Mama wanakuamkia. Shangazi Halia anasema anakugandishia mandazi ya viazi na jibini mfuko mzima, na ukichelewa nitayala mimi. Orest anakuamkia pia. Amesimama hapa nyuma yangu anasema mwandiko wangu unafanana na miguu ya kuku.

Mungu akulinde njiani, akupe usingizi mnono na mbegu zenye chumvi.

Gongo langu bado lina kitunguu chake. Orest nimemwambia la kwake alilete tupu, asilifunge kitu. Kofia ivute mpaka kidevuni mbele ya watu wote, Danylo asipate la kusema. Ila glavu, Babu, uziache Brisbane.

Mimi mjukuu wako nikupendaye hata unune,

Myron Hrycak