Masiku Yenye Sikupima

Papa yangu mupendwa,

Leo asubui nimeamka na baridi ya huku ng'ambo, ile ya kuingia mpaka ndani ya meno, na nimekuwaza sana. Ungeniona ungecheka: makoti mbili, soksi tatu tatu, na bado ninatetemeka. Mimi wenye nilikuwa ninajisifu kwa bajirani wa Beni eti batu ya Butembo habaogopake baridi!

Iko mambo mbili ninapashwa kukuambia. Ya kwanza nimeisha kuiambia batu ya kazi, na imeniharibia kazi. Ya pili ni yako peke yako, na iko nzito kuliko ile ingine. Mais acha nianze na mazuri, juu nikianza na mabaya nitalia na barua haitaisha.

Unakumbuka ile miaka balikutuma kufundisha jeografia Beni, tukapanga nyumba mu commune Ruwenzori? Asubui moja ulinitosha mu kitanda na kelele. "Masika, kuya mbio! Mulima imefunguka!" Kweli, mawingu ilikuwa imeondoka, na kule juu kabisa barafu ilikuwa inang'aa. Nilikuuliza nani aliimwaga kule. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Ni mvula, mama. Mvula yenye baridi ilikamata njiani." Kiisha ukasema kama papa yako, wakati alikuwa analima Kamango, alikuwa anaona nyeupe mingi kuliko sisi. "Inapunguka. Mais ni nani alikuwa anapima?" Ile swali haikunitoka tena.

Tuliporudi Butembo ulikata bidon ya plastiki, ukaisimamisha juu ya muti nyuma ya nyumba, mbali na migomba, na kila asubui ulikuwa unapima maji yenye ilianguka, unaandika mu kaye. Bajirani balikucheka sana: eti mwalimu anapimia Mungu maji yake! Wewe ulikuwa unabasalimia tu na kuendelea.

Siku moja ukaenda Kasugho kuvuna, wiki nzima, ukaniachia ile kaye. Papa, nilipima siku mbili. Siku nne zenye zilifuata nilikuwa ninaruka kamba na batoto ya jirani yetu Mama Kahindo. Jumamosi woga ikanikamata, nikaandika: sita, kumi na moja, zero, nane. Niliweka hata zero moja katikati, juu ionekane ya kweli. Akili ya mutoto!

Ulifika na vumbi mpaka ku magoti. Ulikunywa maji, ukasoma kaye, ukatoka. Mama Kahindo alikuwa ameanika mihogo yake ku shitingi yenye kutandikwa kando ya njia. Uliokota kipande moja, ukaivunja: kraa!

"Mama Kahindo, hii mihogo ililoa wiki hii?"

"Hata kidogo, Mwalimu! Ni jua tupu. Sisi tunaomba mvula, maharagi inakufa."

Ulirudi na kile kipande mu mukono. "Masika, hii mvula yako ya kumi na moja, ilinyesha kwa nani?"

Nilikimbilia gomme. "Hapana kufuta," ulisema. "Andika pembeni: sikupima." Nililia, nikingojea fimbo. Fimbo haikukuja. Ulikaa karibu yangu ku kiti. "Mutu anaweza kukosa kupima. Iko vita, iko magonjwa, iko kamba ya kuruka. Mais ukijaza, mwenye atakuja nyuma yako atakuamini, masikini." Na mwezi wenye ulifuata ukaenda tena Kasugho, ukaniachia tena kaye. Ile njo iliniumiza kupita fimbo.

Sasa sikiliza kazi yangu, juu kwa simu réseau ilikuwa inakatika kila mara nikifika kwa jambo ya maana. Kaskazini kabisa ya dunia kuko bahari yenye kufunikwa na barafu. Ordinateur yetu, ile mashini ya kompyuta, inahesabu namna ile barafu itakuwa miaka mingi mbele. Mais kwanza tunaijaribu: tunaiomba ituambie miaka yenye imeisha kupita, tunalinganisha na yenye batu balipima. Yetu ilikuwa inakosea, ilikuwa inaacha barafu mingi kuliko yenye iko. Kazi yangu ni theluji yenye kulala juu ya barafu. Iko kama blanketi, inazuia baridi kufika ku maji na kuigandisha. Donc ukikosea theluji, umekosea na barafu.

Ile theluji inapimwa na vyombo vyenye kuelea pamoja na barafu. Vinaharibika, vingine vinazama, na masiku mingi inabaki wazi. Mimi nikajaza. Nilijaza kwa hesabu, Papa, hapana kwa uongo. Mu kazi yetu kila mutu anajaza. Mais ni lazima kuweka alama, juu ile masiku isitumike kujaribu mashini. Alama sikuweka. Nilisema nitaweka kesho, na kesho ikawa miezi.

Na tazama, mashini ikaanza kusema vizuri! Shefu alinishika mukono, balikata gato ya kushangilia. Kumbe mashini ilikuwa inasikilizana na mimi, na zile hesabu nilijaza, haikuwa inasikilizana na bahari. Niliona kosa wiki mbili mbele ya kutangaza ile kazi. Hakuna mwingine aliona, na ile matokeo njo ilipashwa kunirudishia contrat ya kazi, juu ilikuwa inaisha.

Niliingia mu biro, nikasema. "Masiku ngapi?" shefu aliuliza. Nikamwambia. Alitosha miwani, akaipanguza muda murefu. Tumerudilia yote, na mashini imebaki imepona kidogo tu, kakidogo sana. Contrat haikurudishwa. Nilienda ku choo nikalia, kiisha nikanawa uso, nikarudi ku kazi.

Sasa ile ya pili. Mwaka jana, ukiwa mu kitanda, uliniuliza kwa simu: "Unakuja?" Nikajibu: "Ndiyo, Papa, tiketi nimeisha kununua." Sikukuwa nimenunua. Nilikuwa ninangojea kwanza matokeo ya mashini. Niliwaza utaningojea, juu ulikuwa unaningojeaka kila mara.

Nyuma ya mazishi yako Mama alinielezea kwa simu, bila kujua kama ananichoma, eti ile wiki ya mwisho kila ndege ndogo ilipopita kwenda kutua Rughenda, uliomba bakuvalishe shati nyeupe. "Masika asinikute hivi." Balikuvalisha, mangaribi bakakuvua. Asubui tena. Siku ya mwisho habakukuvua tena.

Mama anaamini mpaka leo kama vita njo ilinifungia njia. Nilimuacha aamini. Mwezi ya saba ninarudi, na nitamwambia mbele hata ya kukaa chini. Kama atanifukuza, kama atanikumbatia, sijui. Nitapitia kwanza kwako, ku makaburi. Sitakuwa na kitu ya kukuletea, Papa, ni mimi tu, nimechelewa.

Wasingya, asante, Papa. Unisamehe, ulale.

Mutoto wako wa kwanza,
Masika