Mashine ya Aiskrimu ya Shemeji

Jumamosi, 4 Mei

Aiskrimu ya leo — kinyaa! Parachichi, viini vya mayai, krimu, na ile sukari bandia inayopoza ulimi kama dawa ya meno. Imeganda jiwe. Nimechoma kisu, kisu kimepinda. Mke wangu akaiweka juani, ikawa uji wa kijani. Nimekula nikitazama ukuta.

Wiki tatu tangu daktari aseme nina kisukari. Wali, mkate, soda — vyote vimefukuzwa humu ndani kama wezi. Mke wangu aliponiuliza nitakosa nini zaidi, nikasema aiskrimu. Utani tu! Yeye hakucheka. Baba yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huu huu, kisha wa pili, kisha tukamzika. Mke wangu ni karani wa shule, hafanyi kitu bila kukiandika. Sasa ana daftari zima la aiskrimu isiyo na sukari. Anasema sukari ndiyo huilainisha. Ukiitoa, lazima ikorogwe na mashine huku inaganda.

Basi tunanunua mashine.

Jumatatu, 6 Mei

Maduka matatu. Nyayo zinawaka moto.

Kuna ya kuzungusha kwa mkono, barafu na chumvi pembeni. Mke wangu akanitazama mabega, akaandika "hapana". Asante sana! Kuna yenye bakuli la kulaza kwenye friza siku nzima kabla. Friza yetu inabeba samaki wawili na hasira. Ya tatu ina mtambo wake wa baridi ndani, kama friji ndogo: unamimina, unawasha, unakaa. Hiyo ndiyo.

Ila yule muuzaji! Alituonjesha kwa kijiko kimoja. Akaonja yeye, akalamba mgongo wa kijiko, akakichovya tena, akaninyooshea. Nikasema jino linauma, tukatoka bila kununua.

Jumatano, 8 Mei

Shemeji amekuja, kaka yake mke wangu. Ana duka la vitu vya umeme. Eti dada yake anahangaika vipi kwa watu baki na yeye yuko hai? Anayo ile ya mtambo, mpya, haijafunguliwa. Mke wangu akamrukia shingoni.

Mimi nikainamia kikombe changu. Alhamisi iliyopita nilikwenda kuzibua sinki dukani kwake, ndiyo kazi yangu, fundi bomba. Jua kali, jasho mpaka machoni, na pale mlangoni ana friza ya aiskrimu za kuuza. Nikala kopo zima la vanila, sukari tupu, nimesimama, nachota kwa kifuniko. Nikainua macho — shemeji huyo, anatabasamu.

"Usijali, shemeji. Siri yako ni yangu."

Tabasamu lile. Kama mafuta yaliyoganda ndani ya bomba.

Jumamosi, 11 Mei

Imefika. Sanduku limezibwa kwa gundi mpya juu ya gundi ya zamani. Ndani, harufu ya maziwa yaliyochacha. "Plastiki mpya hunuka hivyo," mke wangu akasema.

Lakini imetoka laini! Amecheza jikoni, kijiko juu, mwanamke wa miaka hamsini! Sijamwona akicheka tangu siku ya daktari. Mama yangu, tunayeishi naye, amekula mabakuli mawili. Mimi nimemeza tu. Kuna ladha inakuja nyuma, baada ya ile ya dawa ya meno. Naijua. Kazini huwa naijua kwa pua.

Jumatatu, 13 Mei

Mama anaharisha tangu jana. Mke wangu analaumu mayai.

Alipokwenda kazini nikachukua bisibisi. Skrubu nne. Chini ya kile kinachozungusha mwiko: ute wa njano, mzito, umeota ukungu, na ndani yake unywele mrefu mwekundu na mguu wa mende. Miaka ishirini na nne natia mikono kwenye vyoo vya watu, nanawa, nakula chakula cha mchana. Leo nimetapika!

Ndoo ya ndani, inamogandia aiskrimu, ina ufa. Uozo umepenya katikati ya kuta mbili. Nimejaribu maji ya moto, sabuni, brashi, waya. Ukiibonyeza, unatoka tena.

Nikaenda kwa shemeji. Hakukana hata! Anachokonoa meno. Mteja aliirudisha, eti, naye akaipangusa. Nikamwambia mama yangu anaumwa.

"Pole yake. Sasa twende tukamwambie dada. Lakini tumwambie yote." Akaitupia jicho friza yake.

Yote! Nimetoka pale kama mbwa aliyemwagiwa maji. Jioni nikamwambia mke wangu mashine ina shoti, asiiguse. Uongo juu ya uongo. Mate yangu mwenyewe yananichefua.

Jumamosi, 18 Mei

Mama kapona. Nimerudi kazini saa saba, nakuta mashine inanguruma. Shemeji kaitengeneza! Yaani kakaza zile skrubu nne nilizozilegeza. Mke wangu kamwandalia chakula cha shukrani. Eti wewe umeshindwa wiki nzima, kaka yangu dakika tano!

Niko bafuni, nimekalia mfuniko wa choo, daftari gotini. Nawasikia wote. Shemeji anasema yeye aiskrimu hatakula, ana kikohozi. Ana kikohozi! Mke wangu anasema bakuli la kwanza ni la mama mkwe wake, afute ladha ya dawa za hospitali. Mama anasema lete, mwanangu.

Nimepiga kelele. "Mama, usile!"

Mashine imezimwa. Malapa ya mke wangu yanakuja koridoni. Yamesimama. Hagongi.

"Kwa nini asile?"

Shemeji anadakia kutoka mezani: "Mwambie, shemeji. Mwambie." Kicheko kipo, ila kimepungua.

"Wewe nyamaza," mke wangu anamwambia. Halafu, mdomo karibu na mlango, sauti ya chini: "Baba. Kwa nini asile?"

Mkono mmoja uko kwenye komeo. Mwingine bado unaandika.