Madirisha ya Darasa la Kwanza

4 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na wote hapo nyumbani ni wazima. Mimi sijambo, ila daktari amenilaza kitandani mpaka nijifungue. Hata ngazi nimekatazwa.

Keti kwanza ndipo uendelee kusoma. Ramani yangu ya shule ya msingi imechaguliwa! Shule yetu ileile, Mjomba, iliyong'oka paa. Wanaibomoa yote na kuijenga upya. Kamati ya shule iliponiuliza nani awe fundi mkuu, nilimtaja mtu mmoja tu. Usinikatalie. Mimi siwezi kufika, kwa hiyo macho yangu yatakuwa wewe.

Ramani zimo kwenye bahasha. Zitazame taratibu, tena ukiwa umeshiba.

Mpwa wako

17 Machi

Mpwa wangu Mama Mistari,

Marahaba. Mgongo bado unanisema, lakini kazi inanisahaulisha. Vipi huyo wa tumboni, anacheza? Mwambie atulie, babu yake yuko kazini.

Msingi umekwisha, na umekaa sawa hata pima maji imekosa la kusema. Vyumba kuuzunguka uwanja, hilo nimelielewa. Vijishimo vya ukutani vya mtoto kujikunja na kitabu chake navyo nimevielewa, ingawa mafundi wangu wanauliza kama tunajenga shule au banda la kuku. Lakini madirisha, mwanangu! Usawa wa goti? Nimeshika mwiko miaka thelathini na sita, darasa la namna hiyo sijaliona. Mwenyekiti wa kamati amekuja juu: "Watoto watakodoa macho nje, nani atasoma?" Nami naona ana hoja. Nitayapandisha yafike kifuani kwangu, kama shule zote. Wewe pumzika.

Mjomba wako

29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mgongo vipi? Mtoto anacheza, na leo amechezeshwa na hasira zangu.

Tafadhali usiyapandishe. Unakumbuka nilivyorudishwa darasa la kwanza mwaka mzima, mkaambiwa mtoto huyu ni mzito? Sikuwa mzito. Nilikuwa naogopa. Mle ndani kulikuwa na giza saa tatu asubuhi, na dirisha lilikuwa juu kiasi kwamba sikujua kama nje bado kupo. Nilikuwa nahesabu mbao za dari badala ya kusoma herufi.

Nakuomba kitu kimoja. Kabla hujachanganya saruji nyingine, kalia kiti cha mtoto wa miaka saba katikati ya chumba, utazame huku na huku. Kisha fanya utakavyoona.

Mpwa wako

2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo kweli? Mwezi mzima sijapata neno lako. Mwalimu mkuu ameniandikia mstari mmoja tu: kazi imesimama, kuna ukuta umebomolewa. Umebomolewa na nani? Umegombana na kamati? Umeumia? Niandikie japo neno moja, "nipo".

Mpwa wako mwenye wasiwasi

19 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nipo, na afya ninayo. Kilichonifunga mdomo ni aibu.

Barua yako ilinikuta nimeshapandisha kuta za vyumba viwili, kwa kiburi changu mwenyewe. Nikaazima kiti kwa mwalimu wa darasa la kwanza, nikakaa. Magoti yakanifika masikioni. Mafundi wakacheka, nami nikacheka. Halafu nikatazama. Mwanangu, niliona saruji. Mbele saruji, kulia saruji, na huko juu kipande cha mbingu kama leso. Nilikaa mle mpaka kicheko kikaniisha. Nikakumbuka siku uliyorudishwa darasa. Mimi ndiye niliyesema pale nyumbani, "Si kila mtoto ni wa shule." Kama ulinisikia, naomba radhi. Kama hukunisikia, naomba radhi vilevile.

Nikachukua nyundo nikaubomoa ukuta wa chumba kimoja kwa mkono wangu. Mwenyekiti akasimamisha kazi, nikaitwa mbele ya kamati. Maneno sina, unanijua. Nikawaongoza wote hadi kwenye jengo, nikamkalisha mwenyekiti kwenye kile kiti, ndani ya chumba ambacho sikuwa nimekibomoa.

"Unaona nini, Mheshimiwa?"

"Ukuta."

"Haya, hamia chumba cha pili."

Akahamia. Akaona uwanja, watoto wanaruka kamba, wingu linakuja. Akasema, "Ndiyo hayo niliyosema. Wataangalia nje."

Mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye kwenye vikao huwa hafungui kinywa, akamjibu: "Wakiangalia nje nitawafundisha kilichoko nje. Wakiangalia ukuta niwafundishe nini?"

Wakapiga kura. Saba kwa wawili, na mwenyekiti alikuwa miongoni mwa wale saba! Kazi imeanza tena jana. Madirisha yako sasa yapo gotini.

Mjomba wako

11 Juni

Mjomba,

Shikamoo, babu wa mtu! Nimejifungua salama, msichana, ana mapafu ya mnadi. Nawe u mzima?

Nilikusikia siku ile. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nimeibeba kauli hiyo hadi chuoni, na kila nilipochoka kuchora ilinikalisha tena mezani. Leo naitua. Barua yako nimeisoma mara nne huku nanyonyesha, machozi yakimdondokea mtoto wa watu. Yamekwisha, Mjomba wangu.

Mpwa wako

24 Septemba

Mpwa wangu, mama wa mnadi,

Marahaba. Mjukuu ameanza kugeuka? Sisi wazima, na mgongo umenyooka kwa maringo.

Shule ilifunguliwa wiki tatu zilizopita. Wakubwa walihutubia viti vitupu, maana watoto walikuwa wameshajikunja kwenye vijishimo vyao. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, hakuna aliyeinuka. Mwalimu akatoka kuhakikisha kama imelia kweli. Jana shule ya jirani imetuma watu watatu na futi, wamepima kila kitu. Wanatutaka sisi wawili. Nimewajibu tunakuja.

Nikishakabidhi funguo za nyumba huwa sigeuki nyuma. Hii imenishinda. Kila asubuhi napita, nasimama kando ya darasa la kwanza, nawasikiliza. Juzi binti mmoja akaniona.

"Babu, umepotea?"

"Hapana."

Akanisogezea kitabu dirishani. "Basi soma na sisi."

Nikapiga magoti kwenye nyasi, tukasoma.

Mjomba wako